Mshale Kwenye Maharage

Mshale ulitua kwenye maharage yangu Jumamosi moja, baada ya kazi za maendeleo, nikiwa nimeinama napalilia. Ulichoma tuta la pembeni, ukabaki unatetemeka. Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi niliung'oa, nikajifunga kitenge vizuri, nikapanda nao hadi uwanja wa nyuma ya matanuri ya matofali, hapa hapa Gitega, na nilianza kufoka kabla sijafika.

Nilikulia kambini Tanzania, ambako foleni ya maji ilimfundisha mtoto kupaza sauti au kulala na kiu. Tuliporudi Burundi, kwanza kwetu Gasorwe, kisha huku Gitega nilikoolewa, sauti hiyo nilikuja nayo. Mama mkwe wangu husema nikiita kuku wangu, hata wa kule mbali Itaba wanakuja.

Uwanjani niliwakuta watu wachache, wanaume kwa wanawake, wameshika pinde zao wakinisikiliza kwa adabu kama wako kwenye misa. Mbali mbele yao lilisimama gogo la mgomba lenye duara la chokaa. Nilipoishiwa pumzi, mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma alisogea na kunyoosha mkono.

"Huyo mshale ni yangu, mama. Unisamehe. Mi niko nautafuta hapa kwenye nyasi." Kisha akawageukia wenzake. "Mumesikia ile sauti? Huyu tumuandike."

Nilikwenda kugomba, nikarudi nyumbani mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Desturi ya klabu yetu haina huruma: mwanachama mpya ndiye muokota mishale. Anasimama pembeni ya gogo, nyuma ya kichuguu, na kila mshale ukitua anatangaza kwa sauti umepiga wapi, kisha anaikusanya na kuwarudishia wenyewe. Ataokota mpaka aje mpya mwingine. Asipokuja, ataokota mpaka kiama. Kabla yangu mpya alikuwa yule yule mzee, fundi cherehani aliyejiunga uzeeni, na alikuwa ameokota miaka. Nilitegemea angefurahi kupumzika.

Hakufurahi hata kidogo. Kila akipiga alikuwa ananiuliza, "Wapi?" Namtangazia: chini, kushoto, kwenye nyasi. Anauliza tena, "Kushoto namna gani?" Nikaona ananichokoza. Gogo si lile pale, mbele ya macho yake? Siku ya tatu au ya nne uvumilivu ulinishinda, nikamwuliza kama amekuja kupiga mishale au kunipiga maswali.

Akanivuta pembeni, tukakaa juu ya matofali mabichi, jambo ambalo mwenye matofali angetuua kwalo.

"Macho yangu iko na presha," akasema. "Gogo siioni, mama. Naona kitu cheupe-cheupe tu, kama moshi. Zamani nilikuwa naenda kuokota mimi mwenyewe, nashika na mkono, najua mshale imeingia wapi. Sasa ile kazi we umeichukua."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia basi arudi kuokota, akakataa. Desturi ni desturi. Alikuwa na shida moja tu. Klabu ilikuwa inajiandaa kwenda Muyinga kupimana nguvu na wenzetu wa kule, na Muyinga ndiko alikozaliwa. Yuko dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa, na dada huyo tangu asikie habari za klabu alikuwa anamtania kwamba uzeeni amekuwa mtupa vijiti.

"Nataka aone moja," akasema. "Moja tu iingie mbele yake. Docteur amesema mwaka kesho hata ule moshi sitauona. Na usiambie wale wengine, watanipokonya upinde."

Kuanzia hapo sikutangaza tu, niliongea bila kupumzika. Nyuma ya kile kichuguu nilisimulia bei ya mafuta, uvivu wa mume wangu, mbuzi wa jirani aliyekula kitenge kwenye kamba. Mzee alinisikia nilipo, na gogo liko kuliani kwangu tu. Polepole mishale yake ikaacha kwenda kwenye maharage. Nilimpenda yule mzee, nasema wazi, kama nilivyompenda baba yangu mzazi, na baba yangu pia alikuwa mbishi.

Muyinga tulifika Jumapili, tukaanza baada ya adhuhuri, jua limewakabili wapigaji usoni. Dada yake aliletewa kiti kutoka nyumbani, akakaa na chupa yake ya chai na mandazi kwenye kitambaa. "Nimekuja kuona vijiti," akasema, na watu wakacheka. Mimi nikajipanga kwenda kwenye gogo, kumbe kule mwenyeji ndiye anayetangaza, tena hatangazi. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye leso: akiinua umepata, akishusha umekosa.

"Hapa hatupigi kelele, dada," akaniambia. "Mpigaji anataka utulivu."

Kila mtu alikuwa na mishale mitatu. Wa kwanza wa mzee ulipita mbali na gogo. Wa pili ulilala kwenye nyasi hata kabla ya kufika. Dada yake aliacha kutafuna. Mzee akaweka mshale wa mwisho kwenye kamba, akageuza kichwa huku, akageuza kule, na mimi nikajua ananitafuta.

Sikuomba ruhusa. Nilizunguka nyuma ya watu hadi pembeni ya gogo, upande wangu ule ule, na mwenye leso akanijia akinionyesha kwa mkono nirudi. Nikamwuliza, hii ni klabu au ni matanga? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ninyi mgeni mnamziba mdomo! Akasema taratibu, dada. Nikamwambia hiyo taratibu akampikie mkewe! Nilikuwa sijamaliza hata nusu ya niliyokuwa nayo niliposikia *pu* kuliani kwangu.

Niligeuka nikautazama mshale. Haukuwa katikati. Ulikuwa ukingoni mwa duara, chokaa imebanduka kidogo, lakini ndani.

"Wapi?" mzee akauliza kutoka kule.

Nilifungua mdomo kumtangazia, sauti haikutoka. Mimi, wa kuku wa Itaba! Leso yenyewe iliinuliwa, ila leso yeye haimsaidii. Ni dada yake aliyenyanyuka kitini, akatembea kwa fimbo mpaka kwenye gogo, akaushika mshale kwa mkono wake na kuutikisa.

"Ndani!" akapaza sauti. "Imeingia ndani, mdogo wangu!"

Tulishindwa vibaya siku ile, na mandazi tulikula yote. Wakati wa kurudi nilimnong'oneza kiongozi wetu kwamba kuna jambo kuhusu macho ya mzee ambalo nimelificha. Akanitazama kama anayemtazama mtoto.

"Sasa we ulifikiri tulikuandika juu ya shabaha yako?"

Mwezi uliopita amejiunga muuguzi mmoja, kijana wa watu wa Bukirasazi. Nilimkabidhi kichuguu kwa furaha, nikaja kusimama mstarini na upinde wangu kama binadamu wengine. Ule moshi mzee hauoni tena. Alisimama na mshale wake, akasikiliza, akashusha upinde.

"Mama iko wapi?"

"Nipo hapa, mzee. Leo anaokota muuguzi."

"Eh, muuguzi aokote," akasema. "We rudi pale ugombane."

Nikajifunga kitenge, nikaenda.