Kiwanja cha Milamula Miwili

Siku ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa panga. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Nyamigogo na shati la kuazima kwa kaka yangu, nimelipiga pasi mpaka kola inakata shingo, nikijua naenda kukaa kwenye kiti ofisini Biharamulo. Afisa Ardhi akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Umependeza, bwana harusi," akasema. "Haya, porini." Kufika jioni shati lile limechanika mabega yote mawili, na kaka yangu alininunia karibu mwaka mzima.

Nawaandikia ninyi vijana wa upimaji, mnaosimamisha kifaa chenu juu ya miguu mitatu, kikaongea na setilaiti, na kabla chai haijapoa mmemaliza kitongoji. Sisi tulipima kwa mnyororo. Mnyororo wa chuma kweli, si jina tu. Mshika mnyororo mmoja anasimama mwanzoni, mwenzake anauvuta hadi mwisho, na kati yao kuna njia nyembamba waliyoifyeka kwa jasho lao. Nyuma anakuja mpima na theodolaiti, ile darubini ya kusomea pembe. Kwenye kona ya kiwanja tunachimbia bikoni, kigingi cha zege chenye namba kichwani. Bila bikoni, ardhi yako ni maneno matupu.

Afisa Ardhi yule alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kitabu cha uwandani, yaani daftari la kuandikia vipimo palepale porini. Akikuta raba mfukoni mwako anaitupa dirishani. "Mpima hafuti," alikuwa akisema. "Ukikosea, piga mstari mmoja, andika jingine pembeni. Anayekuja baadaye aone ulifikiri nini kwanza." Tulimcheka, wajinga sisi.

Nilipelekwa kozi nikarudi fundi sanifu. Nikahamishiwa Ngara, miaka ile vilima vimefunikwa maturubai ya wakimbizi, watu wanatembea na magodoro vichwani, watoto wanakohoa njia nzima. Mpima wa Wilaya kule alikuwa mtu wa maneno machache. Siku nzima anaweza kukuambia "kushoto" na "kulia" tu. Nilimpenda. Kisha, nikiwa nimeanza kuota mvi, nikaletwa Nyakanazi kugawa mji.

Mji gani, wakati ule! Njia panda, malori, kituo cha mafuta, akina mama na masufuria ya wali maharage. Lakini ulikuwa unakua, wallahi, ukienda likizo ukirudi unakuta gesti imeota. Halafu wakaanza kuja watu wa aina nyingine: walimu, wauguzi, watu wa migodini na wa madukani, wenye kazi Biharamulo au Kahama lakini wanataka kiwanja mahali ambapo bado wanaweza kujenga. Wanaondoka na Kosta, yale mabasi madogo ya alfajiri, wanarudi giza linaingia. Ndio mji nilioupima. Barabarani honi na kelele, lakini ingia ndani kidogo, kwenye vitalu vya makazi, saa saba mchana: madirisha ya alumini, makufuli, na jua. Hata mbwa wamenyamaza. Mimi sipendi ukimya wa mchana. Wa usiku una sababu zake.

Sasa nikiri kosa langu, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Tulipokuwa tukifyeka kitalu cha nyuma tulikuta milamula miwili. Kwa msomaji wa mbali: mlamula ni mmea wa majani marefu usiokufa hovyo, na huku kwetu ndio hakimu. Wazee waliupanda mpakani, na penye mlamula hakuna kesi. Lakini tunaupanda pia kaburini, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mtoto wa huku anajua tofauti kabla hajaanza shule. Milamula ya mpaka imeachana mbali, ya kaburi imekaribiana. Ile miwili ilikuwa imeachana hatua mbili fupi.

Hatua mbili. Mtu mzima halali hapo.

Nikamwita Mkuu wa Kikosi, kiongozi wetu wa upimaji, mtu wa mbali na wa haraka. Akaangalia saa. "Si mmenifundisha wenyewe kwamba mlamula ni mpaka?"

"Ndiyo mzee, lakini hii..."

"Basi ni mpaka. Andika. Mkurugenzi anasubiri ramani."

Nikaandika. Kisha nikajaza ile fomu ya mali na makaburi yaliyomo eneoni, na kwenye makaburi nikaandika "hakuna", nikasaini. Vijana wakaing'oa milamula, tukachimbia bikoni pale pale.

Kesho yake bikoni imelala juu ya ardhi. Haikuvunjwa wala kugongwa na ng'ombe. Imelazwa chali, namba ikitazama juu, na shimo limefukiwa vizuri, limeshindiliwa. Tukairudisha. Asubuhi ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile, na udongo juu ya shimo umelainishwa kwa kiganja. Vijana wakagoma. Mimi nikacheka kwa sauti ili wanisikie, nikasogeza kona hatua kadhaa, mahali pale pakabaki ndani ya kiwanja, kazi ikaisha. Lakini maneno yana miguu. Kiwanja kile wakakikataa watu wawili, na viwanja vya watumishi vilipogawiwa nikakichukua mimi. Nilitaka kuwaonyesha kwamba mtu msomi haogopi udongo. Kujigamba kwa kipumbavu, basi!

Nikajenga. Chumba cha nyuma mke wangu, Mama Deo, akaweka cherehani yake. Ni Msukuma wa Shinyanga, wazazi wake hawakuwahi kubatizwa, na hata yeye amebatizika nusu. Mtaa mzima ukiondoka alfajiri, anabaki yeye. Nami nilikuwa kama wengine, nikirudi jioni naoga, nakula, nalala. Nilimkuta siku moja ameweka kikombe cha uji sakafuni, kwenye pembe ya chumba kile. "Wa nani?" nikamuuliza. "Wa paka," akasema. Hatukuwa na paka. Sikuuliza tena, na hapo ndipo mnijue nilivyokuwa.

Tuliishi hivyo miaka tisa. Ilipobaki miezi miwili nistaafu, asubuhi moja ya likizo yangu, akaja bibi mmoja langoni, ana fimbo na kitenge cha kanisani, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mama Konsolata. Natoka Nyakisasa."

Mke wangu akamletea kiti. "Na Konsolata hajambo?"

"Ndiye nirimfuata," akasema bibi, kwa kile Kiswahili chetu cha huku.

Akatueleza. Walivuka kutoka Burundi wakikimbia vita, wakafika hapa kukiwa pori. Mtoto akamfia njiani. Mumewe alichimba kwa jembe la kuazima, wakapanda milamula miwili, wakaendelea na safari. Baadaye walipata ardhi Nyakisasa, wakapata uraia, mumewe akafa, akazikwa shambani mwao. "Mimi nazeeka," akasema. "Nataka kumlaza mtoto kwa baba yake. Nikifa, hakuna mwingine anayejua arikolala. Kule ofisini waliniambia mpima wa hapa ni wewe. Milamula yangu iko wapi, mwanangu?"

Mnajua nilifanya nini? Nilidanganya. Niliiona ile fomu machoni mwangu, na sahihi yangu, na nyumba ikivunjwa, na jina langu likisemwa kwenye vibanda vya chai miezi miwili kabla ya kuagwa. Nikamchukua hadi nyuma ya uzio, kwenye nyasi, nikamwonyesha kwa kidole. "Ilikuwa hapa, mama." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Akapiga magoti. Akaweka kiganja chini.

"Hapa hakuna mtu," akasema.

Akainuka bila kushikwa mkono. Akapita mlango wa jikoni, akapita sebuleni, hakuuliza wala hakubahatisha, akaingia chumba cha cherehani. Tukamfuata. Alikuwa amesimama akitazama kile kikombe kwenye pembe.

"Nani anampa uji?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu hakunitazama. "Mimi," akasema.

"Anakunywa?"

"Yaya, mama," akakataa kwa Kisukuma chake, "hanywi. Lakini siku nikisahau, anakohoa mchana kutwa."

Bibi akajifunika mdomo kwa kitenge. "Kikohozi ndicho kirimuua."

Nikakaa juu ya marobota ya vitambaa. Miaka tisa chini ya bati moja, na mke wangu ananificha kwa sababu alijua nitamcheka. Nikamuuliza bibi, maana lilikuwa limebaki hilo tu la kushikilia: "Mama, zile bikoni, ni wewe uliyekuwa ukizing'oa?"

"Bikoni ni nini?" akauliza.

Nikaenda kabatini nikatoa kitabu changu cha uwandani cha mwaka ule. Ukurasa nikaukuta upesi. Niliichora milamula miwili kwa mkono wangu, na katikati yake nimeandika "kaburi la mtoto". Juu ya maneno hayo mstari mmoja mwembamba, na pembeni: "mpaka". Mstari haukuficha herufi hata moja. Kwa hiyo sikuwa sijui, wajukuu zangu. Nilijua, nikapiga mstari.

Nikamwambia bibi yote, palepale, na kitabu nimekishika. Nilitegemea anipige fimbo. Akaniuliza tu, "Utanipa mtoto wangu?"

"Nitakupa," nikasema.

Kaburi halifukuliwi kwa jembe tu, linafukuliwa kwa kibali, na kibali kinataka maelezo. Niliandika barua: kwamba kaburi lilikuwepo, kwamba nililiona, kwamba nilisaini halipo, kwamba liko chini ya sakafu yangu. Afisa Ardhi wa siku hizo, kijana niliyemfundisha mimi kushika fito za kupimia, akaisoma mara mbili akafunga mlango.

"Mzee, umebakiza miezi miwili. Barua hii hukuandika, na mimi sikuiona. Mpe bibi udongo kidogo kwenye mfuko, akazike."

"Ameshakataa udongo wa uongo mara moja," nikamwambia. "Piga muhuri."

Akapiga, huku ananisonya.

Walikuja asubuhi kweupe: Afisa Afya, mtendaji wa kata, na katekista wa bibi. Mimi mwenye nyumba ndiye niliyevunja sakafu, sikukubali mwingine ashike sururu. Bibi alikuwa ameweka kiganja mahali, akasema hapa, na ikawa hapo. Hakukuwa na mengi. Kipande cha kitenge, rozari ya plastiki ya buluu, na mifupa midogo kiasi kwamba Afisa Afya, mtu aliyezoea mambo hayo, alitoka nje kwanza akavua kofia. Mama Konsolata hakulia. Aliyelia ni mke wangu, kwa sauti, kama aliyefiwa yeye. Katekista akamwuliza bibi, "Huyu ni ndugu yenu?" Bibi akamjibu, "Ni mama yake wa huku."

Tulimzika Nyakisasa kando ya baba yake. Mimi ndiye niliyepanda mlamula wa kwanza na mke wangu wa pili.

Sikuagwa. Wenzangu waliostaafu nami walipata keki na redio. Mimi nilipata barua ya onyo, na jalada langu limefungwa nayo hadi kesho. Sawa tu. Mnaoanza kazi hii watawaambia mpima anahitaji macho mazuri. Macho nilikuwa nayo. Niliona vizuri kabisa siku ile, nikamwogopa mtu mwenye saa mkononi kuliko mama ambaye hayupo. Mkikuta alama ardhini, ulizeni nani aliiweka, hata kama mkurugenzi anawaita kwenye simu. Aliyeiweka anaweza kuchelewa miaka mingi, lakini anaweza kuja.

Siku hizi mambo yamegeuka nyumbani kwangu. Mama Deo ndiye anayepanda Kosta ya alfajiri. Mara mbili kwa mwezi anakwenda na walimu na wauguzi hadi njia panda ya Ngara, anamalizia kwa pikipiki, anashinda Nyakisasa kwa bibi, wanapalilia. Mimi ndiye ninayebaki mtaani mchana, mwenyewe, na makufuli ya majirani. Nakaa chumba cha cherehani, nasikiliza. Sijasikia kitu, na nasema kweli, nasikitika.

Jioni Kosta inashusha watu, mtaa unajaa miguu, naye anaingia na vumbi lake. Ila haingii moja kwa moja. Anavuka kizingiti, anageuka, anaushikilia mlango wazi na kutazama chini kidogo, usawa wa kiuno chake, kwa muda kama wa mtu anayengoja mwenzake wa hatua fupi apite. Ndipo anafunga.

Simwulizi. Nasogea pembeni, nisizibe njia.