Tamko la Amani Linalomsubiri Fundi Cherehani

Jua la Nkuhungu halijapata ukali wake bado, na tayari kibaraza cha Loisi Chidawali kimejaa. Watu wazima tisa wamekaa mkekani, kila mmoja ana wembe mkononi, wanafumua mifuko ya kaki. Hakuna anayeongea. Cherehani ya mwenye kibaraza imefunikwa kitenge, haifanyi kazi asubuhi hii.

"Taratibu jamani," anasema Loisi. "Kateni uzi, msikate kitambaa. Kitambaa si chetu."

Hajamaliza kusema, mzee Yotham Mahinyila anaguna "Loo!" na kuinua kipande chenye tundu la kupitisha kidole. Mzee Yotham ni fundi baiskeli, na mikono yake haijazoea kazi laini.

Upande wa pili wa kibaraza, Salha Jamaldini, fundi mwenzake Loisi, anaacha kukanyaga cherehani yake na kucheka mpaka anashika mbavu. "Mzee wangu, hilo si tairi! Hapo hakuna solusheni ya kuziba."

Hata mzee mwenyewe anacheka. Kisha wote wanainama tena.

Mwandishi wa makala haya alikuja Nkuhungu kutafuta habari nyingine kabisa. Aliambiwa kwamba Marafiki, dhehebu la Wakristo wachache ambao hata hapa Dodoma wengi hawajapata kuwasikia, wametoa tamko la kupinga vita. Kwa vita vinavyoendelea nchi jirani, ng'ambo ya ziwa, mwaka huu wa 1997, ilionekana ni habari nzuri. Alipofika hakukuta tamko. Alikuta nyembe. Na hata sasa anapoandika, hana hakika kwamba ameelewa vizuri aliyoyaona.

Loisi ana umri wa miaka arobaini na nne. Alizaliwa Haneti, akaletwa mjini na ndoa. Marehemu mumewe aliwahi kufanya kazi Musoma, na huko ndiko alikojiunga na Marafiki. Aliporudi aliwakuta wenzake wawili watatu mjini, wakaanza kukutana. Siku hizi hawazidi thelathini, na hukutana kila Jumapili kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la saruji.

Cherehani ndiyo iliyomlea Loisi na binti yake Ruthu, ambaye sasa yuko kidato cha pili. Zamani kazi ilikuwepo: sare za shule, magauni ya Krismasi, suruali za makarani. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa na marobota ya mitumba yakamiminika.

"Mtu anapata gauni la Ulaya kwa bei ya uzi wangu," anasema Loisi. "Atakuja kwangu kufanya nini? Kunisalimia?"

Ndiyo maana alipopata oda ya mifuko mia mbili mwishoni mwa mwaka jana, alipiga magoti akashukuru. Tajiri mmoja wa hapa mjini alimletea kitambaa cha kaki na mfano wa kufuatisha: mfuko wa kuvaa kifuani, wenye mikanda mipana na vifuko vinne vyembamba mbele. Malipo ni shilingi mia nne kwa kila mfuko. Ada ya Ruthu ilikuwa humo, na chakula mpaka mavuno, kama mvua zingekubali kunyesha.

"Niliuliza hivi vifuko ni vya nini. Akasema vya chupa za maji."

"Chupa gani nyembamba namna hiyo?" Salha anadakia kutoka kwenye kiti chake. "Labda za manukato!"

Aliyetegua kitendawili ni Marko, kaka yake Loisi, aliyepigana vita vya Kagera akiwa askari. Alikuja kusalimia, akaokota mfuko mmoja, akauvaa bila kuuliza unavyovaliwa. Kisha akapiga kile kifuko kwa kiganja.

"Hapa ni mahali pa magazini za bunduki," alimwambia dada yake. "Umeshona vizuri. Sisi vyetu vilikuwa vinachanika."

Loisi alinuna. Marko hakuelewa dada yake ananunia nini. "Adui alipoingia nchini ulitaka twende na vikapu?" alimuuliza. Loisi alikumbuka kwamba siku Marko aliporudi salama, yeye ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote.

Hilo lingeishia nyumbani, kama si kikao cha Marafiki cha mwezi uliofuata.

Marafiki hawapigi kura. Jambo likishaelezwa, watu hukaa kimya, kila mmoja akipima moyoni mwake. Karani wao, ambaye ndiye mzee Yotham, akiona mioyo imeelekea pamoja, husoma uamuzi kwa sauti. Asipotokea wa kusimama, umepita. Akisimama hata mmoja mwenye uzito moyoni, uamuzi unangoja.

Siku hiyo walizungumza juu ya wakimbizi, juu ya vijiji vilivyoungua, juu ya watoto wanaobebeshwa silaha. Baadhi walilia. Kisha wakakaa kimya, na mzee Yotham akasoma: "Hatutapigana, hatutabariki vita, wala mikono yetu haitatengeneza kitu cha vitani."

"Nilitaka kusimama," anasema Loisi. "Nikajiuliza, nikisimama nitasema nini? Kwamba mimi napinga amani?"

Hakusimama. Tamko likapita, wakaimba, wakakumbatiana. Generosa, muuza karanga anayekaa naye benchi moja, alimshika mkono na kumwambia Mungu ametenda.

"Nikarudi nyumbani nikashona mifuko kumi," anasema Loisi. "Siku ile ile. Nikudanganye?"

Wa kwanza kuambiwa alikuwa Salha, ambaye hata si Rafiki. Salha ni Mwislamu, ana watoto wanne na mume dereva ambaye hurudi anapokumbuka. Hakumwonea huruma shoga yake hata kidogo.

"Nilimwambia, kwetu kimya ni jibu la ndiyo la mwari anayeposwa. Wewe mama mzima umeposwa na nani? Si ungefungua mdomo!"

Kikao kilichofuata Loisi alikwenda na mfuko mmoja kwenye kikapu chake. Mzee Yotham alipouliza kama kuna jambo kabla ya tamko kupelekwa kwa Marafiki wa Mara, alisimama na kuuweka mezani.

"Kimya changu hakikuwa ndiyo," alisema. "Kilikuwa woga."

Hapo, kwa maelezo ya wote waliokuwepo, mambo yalivurugika. Mmoja alisema mama huyu aache kushona, tamko lipite, basi. Mwingine akauliza Ruthu atasoma kwa maombi? Wa tatu akauliza kama mfuko ni silaha, na kama mfuko ni silaha, je, karanga wanazokula askari?

Neno hilo la karanga lilimwinua Generosa. Mwanawe wa kwanza yuko jeshini.

"Akija likizo akiaga, mimi humwekea mkono kichwani," alisema. "Sasa nimeimba hapa kwamba sibariki vita. Akija tena nimfanyeje? Nimpungie tu?"

Mzee Yotham anakiri kwamba katika miaka yote ya ukarani hajaona kikao kama kile. Walikaa kimya mpaka watoto waliokuwa nje wakachungulia kuona kama kuna mtu amekufa.

Walichokubaliana mwisho hakikuwa tamko. Tamko limerudi kungoja, kwa kuwa mmoja amesimama; halijapita wala halijafa. Walikubaliana kwamba kama Loisi anaona hawezi kuendelea na mifuko, hataachwa abebe hasara hiyo peke yake. Watafumua pamoja naye, kitambaa kirudi kwa mwenyewe kikiwa kitambaa, na kila nyumba itamletea kazi ya kushona.

"Wameleta?" mwandishi anauliza.

Loisi anatazama pembeni. "Mashuka mawili ya kupinda," anasema. "Na gauni la Generosa, nipanue kiuno."

Mkekani Generosa anacheka kwa aibu.

Jua linapopanda, gari la tajiri linafika. Ni mtu mpole, si wa makelele, na ameomba jina lake lisiandikwe gazetini. Anatazama nyembe, anatazama lundo la vipande na mikanda, anamtafuta Loisi kwa macho.

"Mama Ruthu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba. Kitambaa chako chote kipo. Kipande kimoja kimetoboka, tutakilipa. Siwezi kuendelea."

"Kwa nini usinipigie hodi tukazungumza? Bei?"

"Si bei. Naomba uniambie mifuko inakwenda wapi."

Tajiri anakaa kwenye ngazi ya kibaraza. Anafuta jasho. "Mimi napewa kitambaa, narudisha mifuko. Inakokwenda sijui, na sijauliza. Mama, labda ni ya walinzi wa benki. Labda siyo. Wewe unafikiri ukiacha haitashonwa? Mji huu una mafundi."

Hasemi kwa ubaya. Anasimama, anabeba lundo lake mikononi, anavuka kibaraza, anauliza upande wa pili: "Na wewe, mama?"

Mashine ya Salha imenyamaza muda mrefu sasa. Anamtazama Loisi. Marafiki wote wanamtazama yeye. Loisi anataka kusema kitu, mwandishi anamwona kabisa akivuta pumzi, lakini halitoki.

"Msinitazame hivyo," Salha anasema. "Shoga yangu ana watu thelathini wa kukaa naye kimya. Mimi nina watoto wanne wa kupiga kelele. Mimi sina kikao cha kunisubiri." Anageuka kwa mwandishi. "Andika hata hilo. Andika, Salha amechukua."

Na anachukua.

Marafiki wanaondoka mmoja mmoja, nyembe zao wamezifunga kwenye karatasi. Mzee Yotham ndiye wa mwisho. Mwandishi anamuuliza: sasa kazi yote hii ya asubuhi imesaidia nini?

"Usiniulize mimi, mwanangu," anasema mzee, akivaa kofia. "Mimi nilikuja na wembe tu."

Baada ya chakula cha mchana wamebaki mafundi wawili kibarazani. Loisi anapinda shuka. Salha ameanza mfuko wa kwanza, na anapofika kwenye mkanda mnene sindano yake inakatika. Anaweka nyingine, nayo inakatika. Kaki ile ikikunjwa mara nne inataka sindano nene, namba kumi na nane, na kwa sasa madukani haipatikani. Ipo moja tu, kwenye cherehani ya Loisi.

Kwenye kibaraza hiki vitu havijapata kuombwa. Mmoja akiishiwa uzi au sindano, hunyoosha mkono kwenye kopo la mwenzake na mazungumzo yakaendelea. Leo Salha hanyooshi mkono. Anachagua sindano nyembamba nyingine, anaipitisha uzi, amekaza midomo.

"Mimi sijui," Loisi anamwambia mwandishi, sauti chini. "Nikimpa, nimeshona mimi. Nikimnyima, huyu ndiye aliyenilisha siku mume wangu alipofariki. Hawa watoto wake nimewabeba mgongoni. Amani gani itaanza kwa kumnyima Salha sindano?"

Anasema ana mpango. Jumapili atasimama tena kikaoni. Tamko lao atawaomba lingoje kidogo zaidi, kwanza wakae naye wamsaidie hili dogo. Anaamini Marafiki watapata njia. Wakikaa kimya vya kutosha, anasema, njia huonekana.

Sindano ya Salha inakatika tena. Anaokota kipande sakafuni.

Loisi analegeza skrubu, anachomoa sindano yake nene, na kuishika katikati ya vidole viwili.

"Leo ni Jumatatu," anasema. "Jumapili ni mbali."