Karatasi ya Njano katika Juzuu ya Arobaini na Moja

Ujumbe wa Tak Se-yeon, mwanafunzi wa maabara ya kemia, ulimkuta Pyo Myeong-ok akila chakula cha mchana mezani kwake. "Mwalimu, asante kwa ile makala. Leo saa nane tunaikausha ile chumvi. Niombee!"

Myeong-ok aliweka vijiti vya kulia chini.

Wote walimwita mwalimu, lakini alikuwa mkutubi wa kemia katika chuo kimoja cha Daejeon, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kabla ya hapo alifanya kazi maabara, akaacha kwa sababu mikono yake ilitetemeka mbele ya chupa. Tangu siku hiyo alisoma kwa niaba ya wenye mikono imara. Juzi alikuwa amemtumia Se-yeon makala ya Kijapani ya zamani kutoka juzuu ya arobaini na moja ya jarida la kemia, nakala ya kompyuta, pamoja na tafsiri aliyoiandika mwenyewe.

Na juzi hakukumbuka alichokumbuka sasa. Wahariri wa jarida lile walipogundua kosa, walichapa karatasi ndogo ya njano na kuituma kwa maktaba zote, ili kila moja iigundishe mwishoni mwa juzuu. Waliopiga picha kurasa ili kuziingiza kwenye kompyuta waliziruka karatasi hizo kwa kuwa hazikuwa na namba. Mwaka wake wa kwanza kazini aliona moja iliyotaja chumvi na kukauka. Zaidi ya hapo hakukumbuka.

Alipiga simu. Haikupokelewa; simu za maabara ya Se-yeon huachwa kwenye kabati la viatu mlangoni. Angeweza kukimbilia huko moja kwa moja, lakini mwaka uliopita alimsimamishia Profesa Bang, mkuu wa maabara hiyo, jaribio kwa kumbukumbu tupu, na kumbukumbu ikawa si sahihi. Safari hii alihitaji karatasi yenyewe. Ilikuwa saa saba na robo.

Rafu za kemia zilikuwa tupu. Alikuwa amesahau kwamba leo ndiyo siku ya lori la kuchukua majarida ya zamani kwenda kutupwa.

Nyuma ya jengo, mpagazi Heo Chun-bae alikuwa akipakia mafungu ya vitabu.

"Kaka Heo, za kemia ziko wapi?"

"Chini kabisa. Umekuja kuziaga?"

"Nataka moja."

"Moja! Tangu asubuhi nafunga kamba mpaka mgongo umepinda kama kamba wa baharini, wewe unataka moja. Mkurugenzi kasema zote zimo kwenye kompyuta."

"Haimo yote. Kuna msichana atapoteza vidole, kaka."

Heo alimtazama, akatoa kisu. Walifungua fungu la kwanza, la pili, la tano. Vumbi liliwaingia puani. Juzuu ya thelathini na nane. Ya arobaini. Saa ilisogea hadi nane kasoro dakika kumi na tano. Ya arobaini na moja ilikuwa chini ya miguu ya Heo, ameikanyaga muda wote.

Karatasi ilikuwepo, gundi imekauka na kugeuka rangi ya chai. Chumvi isiachwe ikauke kabisa; ikikauka hulipuka. Wafanyakazi wawili wamejeruhiwa.

Alipanda kilima cha idara ya kemia huku amekumbatia juzuu, kiatu kimoja kikimtoka mguuni kila hatua ya tatu. Mlango wa maabara aliusukuma kwa bega. Se-yeon alikuwa mbele ya kabati la kioo la majaribio, mkono wa kulia umo ndani, chupa ikizunguka juu ya maji ya moto. Ukingoni mwa chupa palikuwa pameanza kuwa peupe, chumvi ikianza kukauka.

"Toa mkono, Se-yeon! Taratibu."

"Mwalimu Pyo," alisema Profesa Bang, "mwaka jana pia ulikuja hivi."

"Mwaka jana sikuwa na hii."

Bang aliisoma karatasi ile ya Kijapani polepole, midomo ikicheza. Kisha alinyoosha mkono ukutani, akazima swichi ya moto. "Mimina maji kwenye chupa kidogo kidogo," alimwambia Se-yeon. "Kisha tutoke."

Walisimama kwenye korido, watu watatu wasiotazamana. Hakuna kilicholipuka.

"Ile makala niliituma mimi," Myeong-ok alisema. "Nisamehe."

Se-yeon alikuwa akivitazama vidole vyake, akivikunja na kuvikunjua.

Kwa dirisha la korido lori lilionekana likipita lango la chuo, limefungwa turubai. Juzuu zaidi ya mia tatu zilikuwamo. Ni yeye tu aliyewahi kuziona karatasi za njano, na hata yeye hakujua ni juzuu ngapi zinazo. Alitoa simu yake, akabonyeza namba.

"Kaka Heo," alisema, "una namba ya simu ya dereva?"