Oili ya Magoma kwenye baridi ya Lushoto

Asubuhi hii nilikwama ndani ya gari langu mwenyewe na baba mkwe, huku ukweli nimeushika mdomoni.

Baba mkwe anaishi Magoma, kule chini kwenye joto. Juzijuzi nilipomtembelea, alinibadilishia oili kwa mkono wake. Akaweka ile nzito, namba arobaini.

"Hii ndiyo inalinda injini, mwanangu."

Nilijua huku juu Lushoto, kwa baridi ya mwezi wa saba, injini inataka oili nyepesi. Lakini unamwambiaje baba mkwe?

Nikasema asante.

Jana akapanda kuja kwetu. Leo alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho, na hospitali walisema awahi.

Nikawasha gari. Injini ikazunguka kwa uzito, kama mtu anayesonga ugali mgumu. Nikarudia, nikarudia tena. Betri ikaisha.

Nje ukungu, hakuna mtu wa kusukuma. Ndani tuko wawili, vioo vyote vimejaa mvuke. Kumwacha peke yake siwezi. Kusema siwezi.

Baba mkwe akauliza taratibu:

"Ni ile oili yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Nikafuta mvuke kwenye kioo, nikatazama barabarani.

Kwa bahati nzuri, jirani yetu akapita na bodaboda, akakubali kumpeleka. Baba mkwe alipopanda, akanigeukia:

"Kilichoharibika ni jicho, mwanangu. Masikio yangu bado yanasikia."

Amewahi. Mimi bado niko hapa na gari, namsubiri fundi.

Wakamwana wenzangu, ninyi mngesema?