Mafuta ya Canada Yameshuka

Dada yangu, wewe nakuamini, basi sikia nilivyoaibishwa. Hasira bado iko!

Mimi nakaanga mikate, yaani maandazi, ya kuuza hapa mtaani Albert Park. Salumu, Mtanzania wa duka la simu pale chini ya flati yetu, akaniambia, "Mama, weka pesa kwa stock ya mafuta na gesi ya Canada."

Nikamshukuru Mungu. Mafuta ya kukaangia na gesi ya jiko, vyote mara moja! Nikauliza, "Itapanda?" maana naishi juu kabisa na lift imekufa.

"Lazima itapanda, mama. Vumilia tu."

Nikampa akiba yangu yote.

Jumamosi akanipigia simu. "Mama, pole. Imeshuka."

Pole ya nini? Kumbe lori imeshusha mzigo! Nikaita wamama wa kwaya, nikamwahidi kila mmoja mafuta yake. Tukashuka ngazi na mabidon, madumu matupu ya kuwekea mafuta, tukiimba.

"Salumu, lori iko wapi? Tumekuja kupandisha mafuta!"

Akatuangalia, akaangalia mabidon. "Mama, ni bei imeshuka. Ulinunua kipande cha kampuni. Lori hakuna."

Mama Furaha, kiongozi wetu, akageuza bidon yake juu chini. "Haleluya, mama Neema. Sasa tupandishe nini?"

Wakacheka mpaka wateja wa simu wakacheka. Eish! Unamwambia mkaanga mikate "mafuta na gesi", halafu yeye ndiye mjinga?

Tafadhali, peleka kisa hiki kwa kila mama anayekaanga. Akiuziwa mafuta, ayanuse kwanza.