Jumatano Stipe Alipocheza Kwao

Stipe Matulić alicheza mpira wa kulipwa misimu tisa, katika timu nne, na bado alikuwa akiingia dukani kununua maziwa bila mtu kugeuza shingo. Marekani mchezaji wa aina yake ni kama fundi bomba: anahitajika, ila hakuna anayemwomba sahihi. Kwetu ni tofauti. Kwetu, upande wa magharibi wa Milwaukee, katika klabu yetu ya Wakroatia inayoitwa Cetina, kila mtu anamjua, na wakimtaja hawaongelei ile misimu tisa. Wanaongelea Jumatano moja tu, tena kwa sauti ya chini, kwa sababu mama yake huwa hayuko mbali.

Mama huyo, Anka, alishikwa na uchungu wa Stipe akiwa jikoni mwa klabu, anakaanga samaki wa Ijumaa, na inasemekana hakukubali kupelekwa hospitali mpaka karai lililokuwa motoni liive. Baba, Jure, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha mashine za migodi, mtu mfupi wa shingo nene na maneno ya kuhesabika. Siku za kazi alichomelea vyuma, siku za mechi alichoma nyama: mwanakondoo mzima aliyetungwa mtini juu ya moto, nyuma ya goli la kusini, tangu asubuhi. Timu zinazotutembelea zimeshazoea kupiga kona ndani ya moshi. Na desturi yetu ni kwamba mgeni hachezi na njaa. Kabla ya mechi wageni hupelekewa sinia la vipande vya kwanza vya nyama, na baada ya mechi timu zote mbili hukaa meza moja, hata kama zimevunjana miguu.

Jure hakuwa mchezaji. Lakini alining'iniza mpira kwenye kamba ya kuanikia nguo uani, akamwambia mtoto aupige kwa kichwa, na kila wiki aliupandisha kidogo. Anka alipolalamika kwamba hana pa kuanika shuka, Jure alimwambia aanike juu ya uzio, shuka hazina haraka.

Alipofika miaka kumi na sita, kocha mmoja alimwona Stipe akamchukua kwenye akademi ya watoto wa matajiri kule kando ya ziwa. Nchi hii mtoto hulipiwa ili acheze, kwa hiyo Jure akaanza kuingia kazini na Jumamosi pia. Huko Stipe alijifunza kukaba bila kuanguka, na alijifunza kutosema anatoka wapi. Wenzake walizungumzia nyumba za mapumziko, naye baba yake alinuka moshi wa chuma na moshi wa nyama. Akaanza kujiita Steve. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye.

Baada ya chuo, klabu kubwa zilikaa kuchagua vijana kwa zamu, kama wafanyavyo kila mwaka. Stipe alichaguliwa watu wakiwa wameshaanza kukunja viti. Alifanya mazoezi na klabu iliyomchagua majira ya kuchipua, na ligi haijaanza akamwaga unga. Kutoka hapo ikawa ni ligi za chini, mji hadi mji, mpaka akatua Des Moines, akilala kwenye chumba cha chini ya nyumba ya daktari wa meno, kwa sababu timu hizo huwapangia wachezaji wao kwa familia za mashabiki. Alikuwa beki wa kati. Alikuwa mzuri kiasi cha kuajiriwa, lakini si kiasi cha kulala usingizi. Kila msimu ukiisha alikaa roho juu akingoja kusikia kama bado anatakiwa.

Sasa, lipo kombe moja nchini humu ambalo timu za ridhaa huruhusiwa kukutana na za kulipwa. Fundi magari hupata jioni moja ya kumkanyaga mtu anayekula kwa mpira. Mwaka ule kura ikatuangukia sisi na Des Moines, uwanjani kwetu. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tulijiandaa kumtunza Stipe. Jure alitafuta wanakondoo wawili badala ya mmoja. Anka akapiga simu.

"Mama, msinifanyie makubwa," Stipe alisema. "Nakuja kazini."

"Kazini, sawa. Utakula lakini?"

"Tutaona."

"Tutaona ni jibu la daktari. Mimi nakuuliza utakula au huli?"

Alisema atakula. Ila kule Des Moines hakumwambia mtu yeyote kwamba uwanja wanaokwenda ndio uliomlea. Wenzake walijua tu kwamba Steve ni mtoto wa akademi ya kando ya ziwa. Alijiambia atawaeleza kwenye basi. Njiani alijiambia atawaeleza wakifika.

Walifika, na wa kwanza kuuona moshi alikuwa Terrell Odom, kipa wao, mtu mrefu mwenye ulimi usiopumzika, ambaye Stipe alikaa naye kiti kimoja kila safari. Ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye pale.

"Oya, oya, tazameni!" Odom alisema. "Wale wanachoma mbuzi au wanamchoma kipa wao wa mwaka jana?"

Basi zima likaangua kicheko. Stipe akacheka pia. Alishangaa jinsi kicheko kilivyomtoka kirahisi.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kile kile, kidogo, chenye bafu moja linalovuja. Odom aliuliza kama waoge kwa zamu au kwa maombi. Wakiwa katikati ya mzaha huo mlango ukafunguliwa, akaingia Jure na aproni yake yenye mafuta mpaka magotini, amebeba sinia la mkate na nyama. Pembeni ya sinia palikuwa na kisahani kimefunikwa kwa kitambaa. Stipe hakuhitaji kufunuliwa. Lilikuwa figo, ambalo tangu akiwa mtoto hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa.

Jure alisimama mlangoni akimtazama mwanawe aliyevaa jezi ya watu wanaolipwa. Uso wake ulikuwa umechanuka wote, jambo lisilo la kawaida kwa uso ule.

"Steve," Odom alinong'ona, kwa ule mnong'ono unaosikika mpaka barabarani, "huyu mzee unamjua? Mbona anakutazama kama umemwibia kuku?"

Wenzake wakageuka. Ilitosha kusema neno moja. Stipe aliiona aproni, akaziona kucha nyeusi za baba yake, akayaona macho ya wenzake yakisubiri kucheka, na akaona bora awe upande wa wanaocheka.

"Simjui," alisema. "Mpishi wao, nadhani. Kila uwanja una kichaa wake."

Wakacheka. Jure hakuwa kiziwi, na Kiingereza alikuwa amekizungumza kiwandani miaka yote ile. Uchanuko ulimtoka usoni taratibu, hakukunja hata ndita. Akaliweka sinia juu ya benchi.

"Samahani, mabwana," alisema. "Nyama hii ni ya wageni. Kuleni kidogo, msije mkakimbia vibaya." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe pia, bwana. Karibu Cetina."

Akatoka na kile kisahani mkononi.

Stipe aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Masikio yalimwaka. Alitaka kuinuka amkimbilie, na miguu ikagoma, kwa sababu kuinuka kulimaanisha kueleza, na kueleza kulimaanisha wote wajue amefanya nini. Alisema moyoni kwamba atamwomba radhi baadaye, wakiwa wawili tu. Mtu mwenye aibu hupenda sana neno baadaye.

Wakati wa kupasha misuli alimwona baba yake akipita kando ya uzio, mtu hadi mtu, akiwaambia kitu kwa sauti ya chini. Shangazi Mare, anayekaa getini na kutukana kila mchezaji tangu enzi za viatu vya ngozi, alikuwa ameshainua mikono na kufungua kinywa amwite Stipe. Jure akamgusa bega, akamwambia Stipe asisumbuliwe.

"Asisumbuliwe? Stipe wetu?" Shangazi Mare aliuliza. "Kwani amekuwa askofu?"

"Yuko kazini," Jure alisema. "Mwacheni."

Watu wa Cetina hawajui kunyamaza. Hata mazikoni humsahihisha padri. Jioni ile walimtukana winga wa Des Moines kwa nywele zake, wakamtukana kocha kwa suruali yake, wakamwambia Odom kwamba mikono mirefu vile ingefaa zaidi kuchumia matunda. Lakini mpira ukifika kwa Stipe, uwanja wote ulikuwa kimya. Hakuzomewa, hakushangiliwa. Alipomwangusha mshambuliaji wetu, mtoto wa jirani yao, hakuna hata aliyemlaani, na Stipe alitamani laana ile kama mtu anavyotamani maji.

Kipindi cha pili ikapigwa kona upande wa moshi. Stipe akaruka, akaupata mpira juu kabisa, pale ambapo ule mwingine ulikuwa ukining'inia uani kwao, na ukaingia wavuni. Wenzake walimrukia. Kandokando hapakuwa na sauti. Mzee mmoja alipiga makofi mara mbili kwa mazoea, akakumbuka, akaikalia mikono yake. Nyuma ya goli Jure alikuwa ameinama anageuza nyama, mgongo kwa uwanja. Hakuliona goli la mwanawe, au hakutaka aonekane ameliona.

Mechi iliisha kwa goli hilo hilo moja. Stipe alimwomba kocha waondoke mara moja, akasema njia ni ndefu. Kocha alikuwa ameshavuta harufu ya nyama. "Steve, hawa watu wametualika," alisema. "Kukataa chakula cha watu ni utovu wa adabu. Kwenu hukufundishwa?"

Basi wakaingia ukumbini, timu zote mbili, meza ndefu. Watu wa Des Moines walikula kama waliofunguliwa kutoka kifungoni. Odom, aliyekuwa na mzaha juu ya moshi, alikuwa na mafuta mpaka kwenye kiwiko na alimwita Jure mfalme. Jure alizunguka na sinia, akimuuliza kila mtu anataka sehemu gani. Dirishani mwa jikoni alisimama Anka. Alikuwa ameshaambiwa. Hakulia wala hakununa, alimtazama tu mwanawe kama anayejaribu kumkumbuka jina.

Odom aliinuka kutafuta chumvi, akasimama mbele ya ukuta wa picha. Kwetu picha za watoto wa klabu hutundikwa pale, na iliyo kubwa kuliko zote ni ya mtoto wa miaka kumi aliyekaa juu ya mabega ya mtu mfupi wa shingo nene, wote wawili midomo wazi kwa kucheka. Odom aliitazama. Akamtazama Stipe. Akaitazama tena.

"Mzee," alimwita Jure, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini kweli. "Huyu mtoto si Steve huyu?"

Uma zilitulia ukumbi mzima. Jure aliliweka sinia mezani akajifuta mikono polepole.

"Hapana, kijana," alisema. "Huyo ni mwanangu, Stipe. Wamefanana kidogo tu."

Alisema hivyo ili amwokoe. Kila mtu wa Cetina alilijua hilo, na Stipe alilijua kuliko wote. Tusi angelivumilia, kofi angelishukuru. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Baba," alisema. "Baba, inatosha. Jamani, huyu ni baba yangu. Nimemkana mbele yenu, na alinisikia."

Akalia pale pale, mtu mzima, mbele ya timu mbili. Jure alikiokota kile kiti, akakisimamisha.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kula. Basi lenu halitakungoja."

Akakaa, akala alichowekewa, mpaka kocha alipotazama saa. Anka alimkumbatia mlangoni, akamfungia nyama ya njiani. Jure alimshika shingo kwa mkono mmoja, kama zamani, akamwambia goli lilikuwa zuri. Walikuwa wameshamsamehe. Wazazi ni watu wa ajabu, husamehe kabla hujajipanga kuomba.

Kwenye basi Stipe aliketi kiti chake cha kila siku. Odom alikuwa amekaa dirishani, kofia mapajani, ulimi ule usiopumzika umepumzika. Walitoka getini, wakapita mitaa yetu, wakashika barabara kuu, ndipo aliposema.

"Mimi mzee wangu hajawahi kuja kuniona nikicheza, Steve. Hata siku moja."

 Odom akachukua begi lake, akampita bila kumgusa, akaenda kukaa viti vya nyuma.