Seva Tatu, Ufunguo Mmoja

Mume wangu Hafidh hamwamini mtu. Tangu tulipokimbia Pemba, akifunga mlango wa nyumba yetu hapa Ilford huutikisa, akashuka ngazi, kisha akarudi kuutikisa tena.

Ni fundi wa kompyuta, kwa hiyo mwaka 2007 jamaa zetu wakamwomba awahifadhie kanda za sauti za wazee. Bi Mwanamwema alileta moja tu. Ndani yake marehemu mumewe, Mzee Msabaha, anawatajia wanawe ukoo wao, na sauti yake nyingine haipo duniani.

Hafidh alinunua seva tatu kuukuu, akazitilia programu ya Linux na kuziunganisha ziwe ghala moja. Kila sauti iliandikwa kwenye zote tatu, ili ikifa moja, mbili ziendelee. Alipomwonyesha Bi Mwanamwema, alichomoa waya wa moja huku mzee akizungumza. Mzee hakukatika hata neno. Bi Mwanamwema aliitazama ile iliyozimwa, kisha akamtazama Hafidh.

Balbir, Kalasinga wa Nairobi anayefanya naye kazi, alimwambia, "Weka nyumba tatu mbalimbali, bwana. Moja nipe mimi, takaa kwangu Southall."

"Anataka nini na ukoo wetu?" Hafidh aliniuliza tulipobaki wawili. Nami, nisiseme uongo, nilimshuku Balbir vilevile. Basi seva zote zikaingia stoo yetu, pamoja na kanda, zikala umeme wa waya mmoja. Ufunguo wa kufuli akauvaa shingoni.

Waya ule ulishika moto mchana wa Jumanne. Binti yetu Miska aliuona moshi, lakini ufunguo ulikuwa kazini na babake. Zima moto walipovunja mlango, hapakuwa na cha kuokoa.

Tulikwenda kwa Bi Mwanamwema, na Hafidh akalia mbele yake. "Nimeiunguza sauti ya Mzee."

Bibi aliingia chumbani, akatoka na kanda iliyofungwa ndani ya kanga. "N'lokupa ilikuwa kopi, mwanangu. Sikukuamini."

Hafidh akanyoosha mkono. Bibi akaivuta kanda kifuani.

"Haitoki hapa. Lete mashine yako, ikae kwangu."

Hafidh akanunua seva nyingine, akaipeleka kwake. Wiki ile ile alimpigia simu Balbir, akamuuliza kama nafasi ya Southall bado ipo.

"Sasa unamwamini?" nikamuuliza.

"Hapana," alisema. "Ila nimeacha kujiamini mimi."